Makumbusho ya posta ya Kusini yako chini ya kitanda cha bibi

Mtu wa Mtwara au Lindi akianza kumweleza mgeni habari za kwao, hamalizi dakika tano hajaitaja barabara. Atamsimulia pantoni ya Rufiji kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, tope la Ndundu mpaka Somanga, abiria waliolala njiani wakila mihogo ya watu. Yote ni kweli, na waliopita pale wanayo ya kusema hadi kesho. Ila hadithi hiyo ikirudiwa sana inazaa uongo: kwamba huku tulikaa kimya, hatuandiki wala hatuandikiwi, mpaka lami ilipofika na minara ya simu ikasimama.

Mimi naamini kinyume chake, na imani hiyo imenifanya msumbufu kwa ndugu na marafiki. Nataka Kusini iwe na makumbusho ya posta na simu. Rafiki yangu mmoja wa Chikongola aliposikia alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Makumbusho ya nini? Ya foleni?"

Acheke. Wenzetu wanayo. Wajerumani walianzisha makumbusho yao ya posta Berlin mwaka 1872, hata kabla hawajafika kututawala. London wamefungua ya kwao mwaka 2017, na mgeni anapandishwa kitreni kwenye reli ileile ya chini ya ardhi iliyokuwa ikisafirisha barua tangu 1927 hadi 2003. Vizuri sana. Lakini ya kwetu isianze na mashine. Mashine za posta na simu zilikuja huku kama zilivyokwenda kwingine kote, na ukizipanga kwenye kabati la kioo zitafanana na za Nairobi na Bombay. Chetu ni barua.

Na hapo hatuna mpinzani. Hati za Kiswahili za zamani kuliko zote zinazojulikana kusalia duniani si utenzi wala mashairi. Ni barua, na ziliandikwa Kilwa, mkoa huuhuu wa Lindi, mwaka 1711. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo ziko India, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Goa, kwa sababu Wareno wa Msumbiji wakati ule walikuwa chini ya mkubwa wao aliyekaa Goa, na karatasi zilifuata mkubwa alipo. Ratiba ya posta hiyo ilikuwa mikononi mwa upepo: kaskazi inakusukuma kusini, kusi inakurudisha. Ukikosa msimu, jibu lako linasubiri mwakani. Mtu akiniambia Kusini haikuwa na mawasiliano namuuliza, basi hao wa Kilwa walikuwa wakimwandikia nani?

Barua ya pili ningeipa ukuta mzima. Mwaka 1890 Machemba, mkuu wa Wayao aliyekuwa na himaya yake kwenye uwanda wa Makonde, alimwandikia Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kwa Kiswahili. Kwa ufupi alimwambia kwamba maneno yake ameyasikia, ila haoni sababu ya kumtii. Kama ni urafiki, yuko tayari, leo na siku zote. Kama ni kutawaliwa naye, hapana. Na kama Wissmann anajiona ana nguvu, aje amchukue. Wajerumani walihangaika naye miaka, mpaka mwaka 1899 alipovuka kwenda upande wa Wareno. Ninachokiheshimu mimi, zaidi ya ujasiri, ni utaratibu. Mtu anatishiwa na dola yenye mizinga, anakaa chini, anamwita mwandishi, anajibu kwa heshima, hoja moja baada ya nyingine. Shuleni tulisoma vita. Barua hatukusomeshwa.

Mikindani watu humtaja zaidi Livingstone, aliyeshukia pale Machi 1866 akaanza safari yake ya mwisho ya bara. Namwachia nafasi ndogo, na si kwa ushujaa wake. Kwa shida ya barua zake. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871 alimkabidhi mfuko wa barua uliokuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870 na kukwama Tabora. Mwaka mzima barabarani! Na bado kuna watu wanalalamika ujumbe una tiki moja.

Halafu kuna kilichotupita. Mwaka 1879 Waingereza walilaza mkongo wa simu za maandishi baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, Zanzibar hadi Msumbiji, kisha ukaendelea mpaka Durban. Yaani habari za bei za London zilikuwa zikipita mbele ya pwani yetu, huko nje mvuvi anakotega, bila kutia mguu Lindi wala Mikindani. Mikongo ya leo, SEACOM wa 2009 na EASSy wa 2010, nayo inapita mbele yetu na kutia nanga Dar es Salaam. Mei 12, 2024 yote miwili ilipopata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikazorota nchi nzima, vijana pale stendi ya Mtwara wakawa wanazima simu na kuwasha, wanazima na kuwasha, wakidhani bando limeliwa. Nilijaribu kumweleza mmoja kwamba tatizo liko chini ya bahari. Alinitazama tu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote vya huku hakina barua wala waya. Oktoba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani na Waingereza walipigana Mahiwa, bara ya Lindi, siku nne za kutisha. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, likasukumwa kuelekea uwanda wa Makonde, risasi na dawa zinakwisha. Ujerumani ikatuma merikebu ya angani, puto refu la L59, kutoka Jamboli huko Bulgaria tarehe 21 Novemba, likiwa na shehena ya tani kama 15. Liliagizwa kushukia kwetu, kwenye uwanda wa Makonde, na halikutarajiwa kurudi: kitambaa chake kilikuwa kikatwe kiwe mahema. Likavuka bahari ya Mediterania, likavuka jangwa, likafika Sudan, magharibi ya Khartoum. Hapo usiku ikaingia simu ya upepo kutoka Ujerumani: rudini, uwanda umeshatekwa. Wakageuza. Walipotua tena Bulgaria tarehe 25 walikuwa wamekaa angani saa 95 na kusafiri kilomita 6,757. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Mwaka mmoja baadaye vita viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, naye hakujua. Alipata habari tarehe 13, baada ya watu wake kumkamata tarishi wa Waingereza aliyekuwa na pikipiki na ujumbe wa simu mfukoni. Alisalimu amri Abercorn, sasa Mbala ya Zambia, tarehe 25.

Nikisimulia hayo watu hufurahi, nami hufurahi, kisha hunirudia jambo linalonitia uchungu. Vita vile viliua wapagazi wetu kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na mizigo. Dola iliweza kulipata puto juu ya Sudan usiku wa manane na kuliambia ligeuke. Mama wa mpagazi kule Masasi au Nachingwea aliambiwa na nani? Aliona tu wengine wanarudi. Makumbusho yenye akili ingeweka hayo mawili chumba kimoja.

Stempu nitazipitia haraka, kwa kuwa wapenzi wake ni wengi na watanilaumu hata hivyo. Zipo za Kijerumani zilizopigwa chapa ya pesa juu yake mwaka 1893, pesa 64 kwa rupia. Zipo zenye picha ya meli ya Kaisari tangu 1901. Ipo twiga ya Tanganyika ya 1922. Bahasha yenye mhuri wa LINDI na DEUTSCH-OSTAFRIKA siku hizi ni mali ya wakusanyaji wa ng'ambo. Wajerumani walichimba mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, kuanzia 1909 hadi 1913, wakabebesha watu mifupa mpaka bandarini Lindi, wakampeleka Berlin, na bahasha nazo zikaelekea hukohuko.

Sasa nije kwenye yale niliyoyaona mwenyewe, maana hayo ndiyo yaliyonifanya nianze usumbufu huu.

Nyumba nyingi za Newala na Tandahimba hazikuwa na anwani. Anwani ilikuwa ya shule, ya msikiti, ya parokia au ya duka. Uliandika jina la mtu, chini yake "kupitia kwa Mwalimu Mkuu", jina la shule, S.L.P., Newala. Barua ililala posta wilayani mpaka mwalimu aende mjini kufuata mshahara. Asubuhi yake mstarini, baada ya wimbo wa taifa na ukaguzi wa kucha, mwalimu wa zamu alitoa bunda mfukoni na kuanza kusoma majina. Jina la ukoo wako likitajwa unatoka mbele, unapokea kwa mikono miwili, unaitia ndani ya daftari isikunjike, na siku hiyo huelewi somo hata moja.

Nyumbani kazi ilikuwa inaanza upya, maana aliyeandikiwa mara nyingi hakujua kusoma, au macho yalishachoka. Watoto wa darasa la tano ndio tulikuwa makarani wa kijiji. Tulisoma, kisha tukaandika majibu. Bibi yangu alikuwa anakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anabangua korosho huku anatamka.

"Mwambie mjomba wako korosho mwaka huu zimepigwa na ubwiriunga. Salfa hatukupata. Karo ya mdogo wake itoke hukohuko."

"Bibi, kwanza salamu."

"Salamu si unazijua wewe? Ziweke."

Nami naziweka, kama tulivyofundishwa: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Bibi akisomewa anatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba yamemtoka yeye. Mwishoni huongeza lililokuwa kubwa kuliko yote, akiwa ameshaniacha nisaini: ukuta wa jikoni umeanguka, au fulani amejifungua. Ndiyo maana barua zetu nyingi zina habari yenyewe imebanwa pembeni, imeandikwa wima kando ya mstari mwekundu.

Karani mtoto anajua siri nyingi kuliko shehe na padri. Jirani yetu mmoja aliniita nimsomee barua ya mumewe aliyekuwa Dar es Salaam. Nikasoma salamu, nikasoma hali ya kazi, nikafika katikati nikanyamaza.

"Soma, mwanangu."

Nikasoma. Ilikuwa talaka. Hakulia. Alichukua bahasha, akaigeuza, akaniuliza mhuri unasema tarehe ngapi, kisha akaniuliza ndani imeandikwa tarehe ngapi. Nilidhani amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa anahesabu eda. Barua ilikuwa imekaa njiani karibu mwezi, masika, na kwa mwezi huo alikuwa anampikia mama mkwe akijua ana mume. Jioni alikwenda kwa mwalimu wa madrasa na ile bahasha, akitaka kujua siku zake zinaanzia wapi. Mimi sijui kitu kinachoeleza vizuri zaidi uzito wa posta kuliko bahasha ile. Mhuri wa duara wa Newala, tarehe imefifia upande mmoja, na mwanamke anayeusogeza karibu na kibatari.

Simu ya maandishi ilikuwa na vitisho vyake. Ililipiwa kwa neno, kwa hiyo watu walikata maneno mpaka yakabaki mifupa: MAMA HOI NJOO. Tarishi akionekana na baiskeli anaingia uani, kilio kilianza kabla ya karatasi kufunguliwa. Na wasiokuwa na uwezo wa kufikiwa na karatasi walifikiwa na redio. Matangazo ya vifo ya Radio Tanzania yalisikilizwa kwa nidhamu ambayo taarifa ya habari haikuipata. Watoto tulinyamazishwa, betri zilizoanikwa juani mchana zikarudishwa, na majina ya jamaa yakasomwa mmoja mmoja pamoja na mahali walipo, mmoja Kigoma, mwingine Masasi, mwingine Tanga mashamba ya mkonge. Uliposikia jina lako limetajwa ndipo ulipojua umefiwa na nani.

Ya kupiga ilikuwepo posta ya mjini, kwenye kibanda cha mbao. Unamwambia opareta namba ya Dar, unakaa kwenye benchi, unaweza kukaa asubuhi nzima. Ukiitwa unafunga mlango, jambo lisilo na maana, kwa kuwa ilibidi upaze sauti hivi kwamba foleni yote iliyokuwa inangoja stempu ilijua mke wako ameomba nini.

Mambo ya ofisini hayanivutii sana, ila yana mahali pake. Mpaka 1977 posta na simu zilikuwa za Afrika Mashariki nzima, makao makuu Kampala. Jumuiya ilipovunjika tukawa na shirika letu la Posta na Simu. Mwaka 1994 likagawanywa, simu kivyake, posta kivyake. Simu za mkononi zikaja, hawala ya posta ikauawa na M-Pesa iliyoanza nchini mwaka 2008, na mwaka 2022, kuelekea sensa, nyumba zikabandikwa namba. Nyumba ya bibi sasa ina anwani kamili ya makazi. Hakuna anayemwandikia.

Wapi pa kuweka makumbusho hayo? Lindi watasema kwao, kwa kuwa ndiko kulikokuwa makao ya Jimbo la Kusini kabla Mtwara haijachomoza na bandari ya mradi wa karanga. Mtwara watasema kwao kwa sababu ndiko wageni wanakoshukia na ndege. Mimi ni wa Mtwara, na bado naona Lindi wana haki zaidi; Kilwa iko kwao. Tuombe Goa nakala nzuri za picha za barua za 1711, ziwe za kwanza mlangoni.

Kigumu ni chumba cha pili, cha barua za watu. Barua za bibi ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, zimefungwa kwa ukanda wa khanga, na vidonge vya kufukuza mende vimewekwa pembeni. Mchwa walishaingia kona moja. Nilipomwomba aliniuliza swali ambalo hata wataalamu wangepaswa kuanza nalo: "Aliyeandika umemuuliza?" Maana barua ni ya watu wawili. Anayo moja ya mjomba mkubwa inayotaja deni ambalo watoto wake hadi leo wanalikana. Anazo mbili kutoka kwa mwanaume ambaye si babu yangu. Hizo aliniruhusu nizione bahasha tu.

Tumefika hapa: zile za ubwiriunga, karo na ukuta wa jikoni zinaweza kutoka, majina yakifunikwa. Ile ya deni hapana, mpaka wazee waliotajwa humo wawe wamekwisha. Zile mbili azikwe nazo, na amelisema hilo mbele ya shahidi. Jirani wa talaka yuko hai, anauza vitumbua pale sokoni Newala, na nilipomgusia ile bahasha alisema aliichana siku alipoolewa tena.

Mjomba naye, ambaye kwa desturi zetu ndiye mwenye kauli ya mwisho ndani ya ukoo, amesema nakala sawa, barua zenyewe zisivuke kizingiti. Nimekubali. Kwa hiyo natafuta skana ya kuazima, ya kulaza, siyo zile za kumeza karatasi, kwa sababu nyingine zimeshakatika kwenye mikunjo. Mwenye nayo Newala au Masasi aniambie kabla msimu wa korosho haujaanza. Ukianza tu, bibi hana muda na mimi.